SIKU KUMI ZILIZOONDOLEWA
Somo juu ya Kalenda, Saa na Pasaka



Kila mwaka kalenda ya Kanisa inapotundikwa ukutani, lipo swali moja lisiloacha kuulizwa. Krismasi ni tarehe 25 Desemba, wala haihami. Mbona Pasaka inahamahama? Mwaka 2024 ilikuwa tarehe 31 Machi. Mwaka 2025 ilikuwa tarehe 20 Aprili. Katika kalenda ya mwaka 2026 imeandikwa tarehe 5 Aprili. Tena wapo ndugu zetu wa Kanisa la Orthodox, hapa hapa Kenya, Uganda na Tanzania, ambao mara nyingi hufanya Pasaka yao baada yetu. Mwaka 2024 waliifanya tarehe 5 Mei, majuma matano kamili baada yetu. Mtoto wa Shule ya Jumapili akiuliza, "Je, Bwana alifufuka mara mbili?" tutamjibu nini?

Ili kumjibu yatupasa kurudi nyuma miaka mia nne na zaidi, mpaka Ulaya ya wakati ule, tuone jinsi watu walivyolipima jua, walivyotengeneza saa, na walivyogombana juu ya siku kumi. Katika habari hii Kanisa letu la Anglikana nalo limo, na si katika kila ukurasa linapata sifa.

1. KANUNI YA PASAKA

Injili zatuambia kwamba Bwana aliteswa wakati wa Pasaka ya Wayahudi, akafufuka siku ya kwanza ya juma. Pasaka ya Wayahudi hufuata mwezi ulio mbinguni, nayo huangukia wakati mwezi umekuwa mpevu. Kwa hiyo Wakristo wa kwanza walikuwa na vitu vitatu vya kupatanisha: jua, liletalo majira ya mwaka, mwezi, unaoandama na kupevuka, na juma lenye siku saba.

Shida ni kwamba vitatu hivi haviendi sawasawa. Mwaka wa jua una siku 365 na karibu robo ya siku. Mwezi huzunguka kwa siku 29 na nusu hivi, basi miandamo 12 ni siku 354 tu. Jirani zetu Waislamu hufuata mwezi peke yake, ndiyo maana Ramadhani hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka na kupita katika majira yote. Wakristo walitaka Pasaka ifuate mwezi, lakini isitoke katika majira yake, tena iwe Jumapili daima.

Mkutano Mkuu wa Nikea, mwaka 325, uliamua kwamba Wakristo wote waifanye Pasaka siku moja. Kanuni iliyokuja kushikwa ni hii: Pasaka ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza, kuanzia siku ile ya mwezi wa Machi ambayo mchana na usiku hulingana. Katika somo hili tutaiita Siku ya Usawa. Sisi tukaao karibu na Ikweta hatuioni sana, kwa kuwa kwetu mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima. Lakini katika Uingereza jua la Desemba huchwa yapata saa kumi jioni, na mwezi wa Juni hata saa mbili usiku kwao bado ni kweupe. Kwa watu kama hao Siku ya Usawa ni jambo kubwa: ndiyo inayofungua majira ya kuchipua.

Kanisa likaiandika Siku ya Usawa kuwa tarehe 21 Machi. Kwa hiyo Pasaka haiwezi kuja kabla ya tarehe 22 Machi, wala baada ya tarehe 25 Aprili. Wala makasisi hawakusubiri kutazama angani, maana Kwaresima huhesabiwa kurudi nyuma kutoka Pasaka, na usharika ulio mbali ulipaswa kujua siku mapema. Walitumia majedwali ya hesabu. Mwaka 725, mtawa Beda wa Jarrow, kaskazini mwa Uingereza, aliandika kitabu kizima cha kufundisha hesabu hiyo. Kwa muda wa karne nyingi kasisi aliyesoma alitazamiwa kujua mambo mawili ya hesabu: kuhesabu sadaka na kuhesabu Pasaka.

2. KOSA LA DAKIKA KUMI NA MOJA

Kalenda iliyotumika ilikuwa ile iliyowekwa na Julius Caesar mwaka 45 K.K., kwa shauri la Sosigenes, mtaalamu wa nyota wa Aleksandria katika Misri. Kanuni yake ilikuwa nyepesi: miaka mitatu ya siku 365, kisha mwaka mmoja mrefu wa siku 366. Ndiyo kusema kwamba mwaka ni siku 365 na saa 6 kamili.

Lakini mwaka wa jua haufiki hapo. Umepungua dakika 11 na sekunde chache. Msomaji atasema, "Dakika kumi na moja kwa mwaka ni kitu gani?" Na tuhesabu. Siku moja ina dakika 1,440. Ukizigawanya kwa 11 na kidogo, unapata miaka 128. Maana yake, kila miaka 128 kalenda ilichelewa siku moja nzima nyuma ya jua. Tangu mwaka 325 mpaka mwaka 1582 ni miaka 1,257. Gawanya kwa 128: unapata karibu 10. Kitabu kiliendelea kusema Siku ya Usawa ni tarehe 21 Machi, na jua lilikuwa limekwisha ivuka tangu tarehe 11.

Majedwali ya mwezi nayo yalikuwa na kosa lake. Yalijengwa juu ya kanuni ya zamani kwamba kila miaka 19 mwezi hurudia tarehe zile zile. Kanuni hiyo ni nzuri sana, lakini hukosea siku moja kwa miaka mia tatu na kidogo. Kufika karne ya 16, mwezi wa kitabuni na mwezi wa mbinguni walipishana siku tatu au nne. Mkulima asiyejua kusoma aliweza kusimama uani, akaona mwezi umekwisha pevuka na kuanza kumomonyoka, huku padre akimwambia kwamba utapevuka keshokutwa.

Walikuwapo waliosema. Mwaka 1267 Roger Bacon, mtawa Mwingereza, alimwandikia Papa wa Roma akilalamika kwamba kosa hili linawaaibisha Wakristo mbele ya watu wengine wenye elimu. Hakuna kilichofanyika. Mwaka 1514, wakati wa mkutano mkuu wa maaskofu huko Roma, wataalamu wa nchi mbalimbali waliombwa shauri. Mmoja wao alikuwa Nicolaus Copernicus, mtumishi wa kanisa kuu la Frauenburg katika nchi ambayo sasa ni Poland. Copernicus aliona kwamba kalenda haiwezi kutengenezwa vema kabla ya kujua vizuri zaidi mwendo wa jua na mwezi. Akaendelea kupima na kuhesabu. Kitabu chake kikubwa, kilichofundisha kwamba dunia ndiyo inayolizunguka jua, kilitoka mwaka 1543, mwaka ule ule aliokufa.

3. MAKANISA YALIYOPIMA JUA

Walipimaje katika siku zile ambazo darubini haijatumiwa kutazama nyota? Njia moja yaweza kutushangaza: walitumia majengo ya ibada.

Kanisa kubwa ni jengo refu, lenye giza kidogo ndani, na sakafu yake haitikisiki. Toboa tundu dogo juu ya paa au ukutani. Mshale wa jua utaingia na kuweka doa la mwanga sakafuni. Sasa chora mstari kutoka kaskazini kwenda kusini, mahali ambapo doa hupita saa sita mchana barabara. Wakati wa baridi jua la Ulaya huwa chini, na doa huenda mbali. Wakati wa joto jua hupanda, na doa hurudi karibu. Siku ya Usawa doa huangukia mahali maalum. Ukihesabu siku tangu doa lifike pale mpaka lirudi pale tena, kwa miaka mingi mfululizo, umeupima mwaka.

Ignazio Danti, mtawa wa Shirika la Dominiko, alichora mstari wa namna hiyo katika kanisa la San Petronio mjini Bologna, Italia, katika miaka ya 1570. Baadaye, mwaka 1655, Giovanni Cassini alichora mwingine bora zaidi humo humo: tundu lake liko juu meta 27 hivi, na mstari wenyewe una urefu wa karibu meta 67. Mstari huo uko hata leo. Watu waliingia kusali, na jua likaingia pamoja nao, likaandika hesabu yake sakafuni.

4. SIKU KUMI ZAONDOLEWA

Mtu aliyepata njia ya kutengeneza kalenda hakuwa mkuu wa Kanisa wala wa serikali. Alikuwa tabibu kutoka Calabria, kusini mwa Italia, jina lake Luigi Lilio. Alikufa mwaka 1576 kabla ya kuona matunda ya kazi yake. Ndugu yake Antonio ndiye aliyeyapeleka maandishi Roma. Papa Gregory wa 13 akaweka halmashauri ya kuyachunguza. Danti alikuwamo. Alikuwamo pia Christoph Clavius, Mjesuiti kutoka Ujerumani, mwalimu mashuhuri wa hesabu, na Patriaki mmoja wa Kanisa la Syria, aliyeleta elimu ya nyota ya Mashariki. Mwaka 1577 muhtasari wa mpango huo ulipelekwa kwa wafalme na vyuo vikuu vya Kikatoliki ili watoe maoni.

Tarehe 24 Februari 1582 Papa alitia sahihi amri yake. Ilikuwa na mambo makubwa matatu. Kwanza, siku 10 ziondolewe, ili Siku ya Usawa irudi tarehe 21 Machi kama katika siku za Nikea. Pili, miaka inayomaliza karne isiwe mirefu, ila ile tu inayogawanyika kwa 400. Basi mwaka 1600 ulikuwa mrefu. 1700, 1800 na 1900 haikuwa mirefu. 2000 ulikuwa mrefu tena. Tatu, majedwali ya mwezi yatengenezwe upya.

Ndivyo ilivyokuwa katika Italia, Hispania na Ureno: watu walilala Alhamisi tarehe 4 Oktoba 1582, wakaamka Ijumaa tarehe 15 Oktoba. Mfuatano wa juma haukuguswa. Teresa wa Avila, yule mtawa mashuhuri wa Hispania, alifariki usiku ule ule. Mazishi yake yalikuwa siku ya pili yake, na siku hiyo ilikuwa tarehe 15. Wareno walioanza kujenga Fort Jesus pale Mombasa mwaka 1593 walikuwa wametoka katika nchi iliyokwisha pokea kalenda hiyo mpya.

Kanuni ya Lilio ni sahihi namna gani? Katika miaka 400 inatupa miaka mirefu 97 badala ya 100. Kosa lililokuwa dakika 11 kwa mwaka likashuka kuwa chini ya nusu dakika. Itapita miaka kama elfu tatu kabla kalenda haijapotea siku moja.

5. UKWELI NA MLETAJI WAKE

Sasa twafika kwenye moyo wa somo letu. Hesabu ilikuwa sahihi. Je, watu waliipokea?

Kumbukeni kwamba wakati ule Ulaya ilikuwa imegawanyika. Wakatoliki na Waprotestanti walikuwa wamepigana, wamechomana moto, wamefukuzana katika nchi. Kalenda hii ilikuja na jina la Papa juu yake. Kwa Waprotestanti wengi hilo lilitosha. Hawakuuliza kama hesabu ni kweli. Waliuliza imetoka kwa nani.

Huko Augsburg, mji wa Ujerumani uliokuwa na watu wa madhehebu yote mawili, baraza la mji liliamua kuifuata kalenda mpya, kwa sababu majirani waliokuja sokoni walikuwa wakiifuata. Waprotestanti wa mji wakakataa, na mwaka 1584, baraza lilipotaka kumfukuza mhubiri wao, kukawa na ghasia yenye silaha. Katika sehemu nyingi za Ujerumani msafiri aliweza kutoka katika mji wa Kikatoliki asubuhi na kufika jioni katika mji wa Kiprotestanti, akakuta tarehe imerudi nyuma siku kumi. Watu wa mji mmoja walikuwa wakila karamu ya Pasaka, na jirani zao kuvuka mto wangali katika Kwaresima. Waandishi wa barua walizoea kuandika tarehe mbili, moja juu ya nyingine.

Hata wataalamu waligawanyika. Michael Maestlin, Mluteri, mwalimu wa elimu ya nyota, aliipinga kalenda mpya. Mwanafunzi wake Johannes Kepler, naye Mluteri, aliyekuja kugundua kwamba sayari hazizunguki katika duara kamili, aliitetea. Kepler alipata mateso kwa ajili ya imani yake na kuhamishwa mji kwa mji, lakini hakuona kwamba uaminifu kwa Kanisa lake ulimdai kukana hesabu iliyo sahihi.

Waprotestanti wa Ujerumani hawakukubali mpaka mwaka 1700. Waswidi walijaribu njia ya katikati, wakachanganyikiwa hata mwaka 1712 wakawa na tarehe 30 Februari! Wao waliingia katika kalenda mpya mwaka 1753.

Lakini tusidhani ya kuwa upofu ulikuwa upande mmoja. Roma iliyopokea hesabu ya tabibu wa Calabria ndiyo Roma iliyokizuia kitabu cha Copernicus mwaka 1616, ikamhukumu Galileo mwaka 1633 kwa sababu ya kufundisha kwamba dunia inakwenda. Kila upande uliona vizuri pale ambapo kuona hakukuugharimu kitu.

6. KANISA LA UINGEREZA LILIFANYAJE?

Mapema mwaka 1583 Malkia Elizabeth wa Kwanza alipata taarifa kutoka kwa John Dee, mtaalamu wake wa hesabu, iliyoshauri kwamba Uingereza nayo iziondoe siku kumi. Wataalamu wengine walioulizwa walikubaliana naye. Kisha jambo likapelekwa kwa Askofu Mkuu wa Canterbury, Edmund Grindal, na maaskofu wenzake. Wao walikataa. Walisema haifai kufuata jambo lililotoka kwa Papa bila kushauriana na makanisa mengine ya Matengenezo. Mpango ukaachwa.

Tuwahukumu? Tusifanye haraka. Miaka 13 tu kabla ya hapo Papa alikuwa ametoa amri ya kumtenga Malkia na Kanisa na kuwafungua raia wake wasimtii. Maaskofu waliogopa kwamba akikubaliwa katika tarehe, atadai kukubaliwa katika mengine. Hofu yao ilikuwa na sababu. Lakini jua halikungoja hofu iishe. Kanisa la Uingereza liliendelea kuhesabu Pasaka kwa majedwali ambayo wataalamu wake wenyewe walikwisha kusema ni mabovu, na likafanya hivyo kwa miaka 170.

Mwaka 1700 mambo yalizidi. Mwaka huo ulikuwa mrefu katika kalenda ya kale, lakini si katika mpya, basi tofauti ikawa siku 11. Tena Waingereza waliuanza mwaka kisheria tarehe 25 Machi. Isaac Newton, kwa hesabu ya kwao, alizaliwa siku ya Krismasi mwaka 1642. Kwa hesabu ya Ufaransa alizaliwa tarehe 4 Januari 1643. Ni mtoto mmoja, na saa ile ile.

Mwishowe Bunge lilipitisha sheria mwaka 1751. Aliyeileta ni Lord Chesterfield, na aliyeieleza kitaalamu ni Lord Macclesfield. Majedwali mapya ya Pasaka, yale yaliyowekwa katika Kitabu cha Sala, yalitayarishwa kwa msaada wa James Bradley, Mkuu wa Elimu ya Nyota huko Greenwich, ambaye katika ujana wake alikuwa kasisi wa mtaa. Mwaka ukaanza tarehe 1 Januari, na Jumatano tarehe 2 Septemba 1752 ikafuatwa na Alhamisi tarehe 14.

Mara nyingi husimuliwa kwamba watu walifanya fujo barabarani wakidai warudishiwe siku zao 11. Wanahistoria waliochunguza kumbukumbu za wakati ule hawakukuta ghasia hizo. Hadithi yenyewe yatokana na picha ya mchoraji William Hogarth ya mwaka 1755, iliyofanyia mzaha uchaguzi. Sheria iliangalia haki za watu: kodi za nyumba, mikopo na mikataba havikudaiwa kabla ya siku zake kamili kutimia.

Lakini manung'uniko yalikuwapo. Huko Quainton, kijiji cha Buckinghamshire, palikuwa na mti wa miiba ulioaminiwa kuchanua usiku wa Krismasi. Tarehe 24 Desemba 1752 watu wengi walikwenda na taa kuutazama. Haukuchanua. Basi wakasema Krismasi mpya si ya kweli, wakakataa kwenda kanisani. Makasisi wa vijiji vya jirani, ili kuwatuliza, wakatangaza kwamba siku ya zamani nayo itaheshimiwa kama kwanza. Watu hao hawakuwa wajinga. Walikuwa wameletewa amri bila mafundisho, nao wakaenda kuuliza kwa shahidi pekee waliyemfahamu.

7. NA SAA JE?

Kalenda hupima siku. Saa hugawanya siku. Hapa msomaji wa Kiswahili ana faida ambayo watu wengi wa Ulaya wameipoteza. Tukisoma katika Marko 15 kwamba Bwana alisulubiwa saa tatu, na giza likaingia saa sita hata saa tisa, hatuhitaji maelezo. Tunahesabu kama walivyohesabu watu wa Biblia, tangu jua linapochomoza. Waitalia wa karne ya 16 na 17 walihesabu saa 24 kuanzia jua linapotua, nasi tunawaelewa, kwani hata kwetu pwani usiku hutangulia mchana wake, na "usiku wa Ijumaa" ni ule unaoanza Alhamisi jioni.

Saa za mitambo zilianza kujengwa katika makanisa na monasteri za Ulaya mwishoni mwa karne ya 13, zivutwe na uzito wa mawe au risasi, zipige kengele ya sala. Nyingi hazikuwa na mshale wa dakika, wala haukuhitajika: saa nzuri iliweza kukosea robo saa kwa siku moja, na mtunza kengele aliirekebisha kwa kutazama kivuli cha jua.

Galileo aliona kwamba kitu kinachoning'inia na kubembea huchukua muda karibu ule ule kila kinapokwenda na kurudi. Mwaka 1656 Christiaan Huygens wa Uholanzi alilitia wazo hilo katika saa, akaweka timazi inayobembea. Kosa la robo saa likashuka kuwa kama robo dakika. Ndipo likatokea jambo la ajabu: saa iliyotengenezwa na binadamu ikaonyesha kwamba kivuli cha jua chenyewe hakiendi sawasawa mwaka mzima. Mwanzoni mwa Novemba vyombo hivi viwili hupishana dakika 16.

Mwaka 1675 Mfalme Charles wa Pili aliweka kituo cha kupima nyota huko Greenwich, ili mabaharia wapate kujua mahali walipo baharini. Mkuu wake wa kwanza, John Flamsteed, alikuwa mtumishi wa Kanisa letu, akawa kasisi wa mtaa wa Burstow. Alitumia saa mbili za fundi Thomas Tompion zilizoweza kwenda mwaka mzima bila kutiwa ufunguo. Tunaposema leo kwamba saa ya Afrika Mashariki iko saa tatu mbele ya Greenwich, tunaitaja kazi iliyoanzia kwake.

8. TUJIFUNZE NINI?

Kwanza, tuweze kumjibu yule mtoto. Bwana alifufuka mara moja. Makanisa ya Orthodox huihesabu Pasaka kwa kalenda ile ya kale, ambayo sasa imepishana na yetu siku 13, na kwa majedwali ya kale ya mwezi. Mara nyingine hesabu zote mbili hukutana, kama ilivyotokea mwaka 2025, ulipotimia mwaka wa 1,700 tangu Nikea. Mwaka 1997 wajumbe wa makanisa mbalimbali walikutana Aleppo, Syria, wakapendekeza kwamba wote wafuate kanuni ya Nikea kwa kutumia vipimo bora vya wataalamu wa nyota, kama jua na mwezi vionekanavyo Yerusalemu. Mpaka sasa hawajaafikiana.

Pili, tujihadhari na kulipima neno kwa kumtazama aliyelileta. Katika mitaa yetu shauri jema hukataliwa kwa sababu limetoka ukoo fulani, au kijiji fulani, au kwa mtu tuliyegombana naye mwaka jana katika halmashauri. Tunadhani tumemkataa mtu, kumbe tumeikataa kweli. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Lakini njia ya mkaidi yaweza kuwa ndefu, hata miaka 170.

Tatu, tukileta jambo jipya, tulifundishe. Wale watu wa Quainton wasimame mbele ya kila kasisi na kila mzee wa Kanisa anayetaka kutangaza badiliko siku ya Jumapili na kulitekeleza Jumatatu.

Nne, Mtakatifu Paulo aliwaandikia Warumi, sura ya 14, juu ya watu wasiopatana katika habari za siku, akawataka wasihukumiane. Hakusema siku si kitu. Alisema ndugu ni zaidi.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI

Someni Warumi 14:1-12 na Zaburi 90, kisha mjadiliane:

1. Kwa nini Pasaka haiwezi kuwa na tarehe moja kila mwaka? Jaribuni kumweleza mtoto wa miaka kumi kwa maneno yenu wenyewe.

2. Maaskofu wa mwaka 1583 walikuwa na sababu ya kumwogopa Papa. Je, hofu ya haki yaweza kutufanya tukatae jambo la kweli? Toeni mfano wa hapa kwetu.

3. Makasisi wa karibu na Quainton waliruhusu Krismasi ya zamani iheshimiwe. Walifanya vema, au waliogopa watu?

4. Je, mnaye jirani au ndugu anayefanya Pasaka siku tofauti na yenu? Mwaka ujao mtamfanyia nini siku yake itakapofika?